Damu ichukuliwe kabla ya sindano: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Nakala: Mganga Mkuu wa Serikali, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, waganga wakuu wa mikoa.

YAH: WAGONJWA WA VALVU ZA MOYO AMBAO MAABARA "HAIONI KITU"

Mheshimiwa Waziri, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Kaskazini. Benchi langu ni la mikrobiolojia: naotesha damu, mkojo, usaha na maji ya uti wa mgongo, nione kama kuna kimelea, kisha natoa majibu. Nakuandikia kwa sababu ya jibu moja ninalolitia saini mara nyingi mno: "Hakuna kimelea kilichoota." Kwa wagonjwa wengi hiyo ni habari njema. Kwa mgonjwa mwenye homa ya wiki sita, valvu mbovu (kilango cha damu ndani ya moyo), na kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kinachoonyesha kitu kinaning'inia kwenye valvu hiyo, jibu hilo linamwachia daktari kazi ya kubahatisha.

Ugonjwa wenyewe ni endokadaitisi, maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na hasa valvu zake. Bakteria huingia kwenye damu kupitia jino bovu, kidonda au kanula iliyokaa siku nyingi mkononi, wakakuta valvu iliyokwisha kukwaruzwa, wakajishikiza. Hapo hujijengea bonge la vimelea, chembe sahani za damu na fibrini, nyuzi za damu iliyoganda. Bonge likimeguka, kipande kinaweza kwenda kwenye ubongo mgonjwa akapata kiharusi, au kikaziba mshipa wa figo, wengu au mguu. Asiyetibiwa hufa. Na anayetibiwa, hata katika nchi zenye kila kifaa, takriban mmoja kati ya watano hufia wodini.

Huko ng'ambo wagonjwa wengi sasa ni wazee na watu wenye valvu za bandia. Kwetu bado tunawaona vijana ambao utotoni walipata tonsesi hazikutibiwa, zikaleta homa ya rumatiki, nayo ikala valvu. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huo wa moyo, na hapa nyumbani Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inafanya upasuaji wa valvu ambao zamani ulimpeleka mtu India. Hongera zinastahili. Lakini kila valvu iliyoharibika, na kila valvu mpya inayowekwa, ni mahali ambapo bakteria anaweza kutua, na sisi wa mikoani ndio tunaompokea mgonjwa huyo anapoanza homa.

Wahalifu wakuu wa ugonjwa huu, stafilokokasi, streptokokasi na enterokokasi, hawanipi shida. Damu ikichukuliwa vizuri, mara nyingi huota ndani ya siku moja au mbili. Shida ni kwamba mara nyingi haichukuliwi vizuri, na jambo hili lazima nilimalize kabla sijafika kwa bakteria adimu, maana tukilipuuza tutawasingizia bakteria adimu makosa ya binadamu wa kawaida.

Mtu akipata homa hupita duka la dawa, akameza vidonge vya rangi mbili kwa siku tatu. Isiposhuka, zahanati anapewa dawa ya malaria na ya U.T.I. kwa pamoja. Akifika hospitali anachomwa antibayotiki ya seftriaksoni mapokezi. Siku ya nne, homa ikigoma, ndipo mtu anakumbuka: "Tuoteshe damu basi." Chupa inanifikia ikiwa na damu mililita 3, imevutwa kwenye kanula ileile inayopitisha dripu, na kwenye fomu pameandikwa neno moja tu: homa. Antibayotiki ikitangulia, uwezekano wa kuotesha kimelea cha endokadaitisi hupungua kwa asilimia 35 hadi 40. Na hiyo ni hesabu ya maabara zenye mashine.

Inavyotakiwa inajulikana: seti tatu kutoka mishipa tofauti, kila seti chupa mbili, na kwa mtu mzima kila chupa mililita 8 hadi 10. Jumla inakaribia mililita 60. Ndugu wa mgonjwa wakiyaona mabomba hayo hunong'ona kwamba tunauza damu. Sababu ya kutaka nyingi ni kwamba katika ugonjwa huu bakteria ndani ya damu ni wachache mno, mara nyingi hawafiki 100 katika mililita moja. Ukichukua kidogo unaweza kuwakosa wote. Nafuu yetu ni kwamba valvu iliyoambukizwa humwaga bakteria mfululizo, kwa hiyo hakuna haja ya kuvizia homa ipande usiku. Ukipishanisha seti kwa nusu saa, saa moja inatosha. Mgonjwa mwenye homa ya wiki sita anaweza kuisubiri sindano yake kwa saa moja. Aliyezimia kwa mshtuko hasubiri, lakini hata huyo kumvuta damu ni suala la dakika chache.

Sasa nije kwa hao adimu.

Wapo wanaoota ukiwajulia. Kuna kundi la bakteria wa kinywani linaloitwa HACEK, herufi za kwanza za Haemophilus, Aggregatibacter, Cardiobacterium, Eikenella na Kingella. Mashine za kisasa huwagundua ndani ya siku 5. Mahali ambapo chupa hukaguliwa kwa macho, mchuzi, yaani kimiminika cha kuoteshea kilichomo kwenye chupa, unaweza kubaki bila kuchafuka huku wamo. Lazima umwagie kidogo kwenye agari ya chokoleti (chakula kigumu cha vimelea kilichotengenezwa kwa damu iliyopashwa moto, ndani ya sahani) bila kungoja uchafuke, kisha uweke sahani kwenye kopo lenye mshumaa unaowaka hadi ujizime wenyewe, hewa ya ukaa iongezeke. Kazi hiyo tunaiweza. Tunachohitaji ni chupa, agari na mtu aliyefundishwa asiyehamishwa kila baada ya miezi mitatu.

Wapo wengine, Granulicatella na Abiotrophia, wanaomchezea mtu akili. Ukipaka mchuzi wa chupa kwenye kioo na kutia rangi ya Gram, inayowafanya bakteria waonekane kwa darubini, unawaona waziwazi. Ukiwahamishia kwenye sahani ya kawaida, kesho yake ni tupu. Fundi mwenye haraka ataandika "uchafuzi" na kuitupa chupa. Kumbe wanataka vitamini B6, ambayo kwenye mchuzi waliipata kutoka damu ya mgonjwa mwenyewe. Dawa yake ni kuchora mstari mmoja wa stafilokokasi katikati ya sahani. Asubuhi inayofuata, kandokando ya mstari huo tu, unaona vitone vidogo kama ncha za pini. Kwingine kote hakuna kitu. Nimeviona kwa macho yangu na nikamwita kila aliyekuwa zamu aje aone. Gharama ya ziada ni sifuri. Ila lazima mtu awe alifundishwa, na lazima agari iwe ya maana. Mahali pengi hutumia damu ya binadamu iliyoisha muda kutoka benki ya damu kutengenezea agari, jambo lisilopendekezwa. Nchi hii yenye kondoo kila kona inakosa damu ya kondoo ya kuwekea maabara zake! Hilo nalo, Mheshimiwa, ni la kuzungumza na mwenzako wa Mifugo.

Kundi la mwisho ndilo lililonifanya nikae kuandika. Hawa hata ukiwapa nini hawaoti kwenye chupa zetu, kwa sababu huishi ndani ya chembe hai, au wanataka mazingira ambayo benchi la kawaida halina. Mkuu wao ni Coxiella burnetii, anayeleta homa ya Q. Anatoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, hasa wakati wa kuzaa au kutupa mimba: kondo la nyuma na majimaji yake hujaa bakteria, yakikauka huwa vumbi, na vumbi likivutwa puani linatosha. Aligunduliwa kwa wafanyakazi wa machinjio Brisbane, Australia, katika miaka ya 1930. Kati ya 2007 na 2010 Uholanzi ilipata mlipuko uliotoka kwa mbuzi wa maziwa, wagonjwa zaidi ya 4,000 wakaandikishwa. Wengi walioambukizwa homa ya Q hupona bila hata kujua. Mwenye valvu mbovu ndiye anayebaki naye. Anakuja baada ya miezi au miaka akiwa amekonda, homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, wengu umevimba. Eko inaweza isionyeshe bonge lolote. Kifua kikuu kinatajwa kabla ya kitu kingine chochote.

Yuko Bartonella, wa paka na wa chawa wa mwilini. Huyu wa chawa, Bartonella quintana, alitesa majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye mahandaki, lakini asidhani mtu kwamba ni wa Ulaya tu: alikutwa jirani zetu Burundi, kwenye kambi za waliokimbia vita, katika mlipuko wa miaka ya 1990 uliochanganyika na taifasi, homa nyingine iletwayo na chawa. Yuko pia Tropheryma whipplei, ambaye kwa kawaida hupatikana baada ya valvu kuondolewa na kupimwa vinasaba. Na katikati yuko Brucella, anayeota lakini polepole, na ambaye ni hatari kwa mtu wa benchi kama mimi: ni miongoni mwa bakteria wanaoongoza kwa kuambukiza watu maabara. Wachache tu kati ya wenye brusela hupata endokadaitisi, lakini ndiyo inayoongoza kuwaua.

"Adimu" ni neno ninaloanza kulitilia shaka kwa mazingira yetu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528, yaani asilimia 60.7. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Kati ya waliochunguzwa zaidi, 118 walikuwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama: 24 homa ya Q, 16 brusela, na wengine leptospira na riketsia. Hao ni wa homa za ghafla, sisemi walikuwa na endokadaitisi. Nasema tu kwamba bakteria hawa tunaishi nao, kwenye mikoa ileile yenye vijana wa valvu mbovu. Ukiwa na yote mawili mahali pamoja na huna kipimo, utasema ugonjwa haupo.

Siku moja alikuja benchini mama mmoja kufuatilia majibu ya mwanawe. Chupa zake zilikuwa zimekaa siku zote zinazotakiwa, tupu. Kijana alikuwa anafahamika kliniki ya moyo tangu akiwa shuleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesema majibu yako kwako."

Nikamweleza kwamba hakijaota kitu. Akauliza kama ni vizuri au vibaya, nikashindwa kumjibu moja kwa moja. Nikamuuliza kama wanafuga.

"Mbuzi tu, si wengi."

"Wamewahi kutupa mimba?"

"Mwaka huu wawili. Yeye ndiye aliyewasaidia. Mimi mikono haina nguvu tena."

Maneno hayo hayakuwa popote kwenye faili lake. Hakuna aliyemuuliza, wala fomu haina pa kuyaandika. Nilimwambia daktari wake, akakubaliana nami kwamba seramu (maji ya damu) ipimwe homa ya Q na brusela. Tukabaki tunatazamana, kwa sababu hakukuwa na njia ya kawaida ya kuipeleka popote. Kijana akamaliza wiki zake za sindano, homa ikapungua, akaruhusiwa na maelekezo ya kurudi ikizidi. Alirudi kliniki au hakurudi, mimi wa maabara siwezi kujua, nani angeniambia?

Mtu anaweza kuuliza: si dawa alipewa? Alipewa. Seftriaksoni na jentamaisini zinatosha kwa baadhi ya bakteria wa valvu. Kwa Coxiella hazitoshi kabisa. Huyu hutibiwa kwa doksisaiklini pamoja na haidroksiklorokwini kwa miezi isiyopungua 18, na miezi 24 kama valvu ni ya bandia. Haidroksiklorokwini hupunguza tindikali katika kifuko anachojificha ndani ya chembe, doksisaiklini ikapata nguvu ya kumuua. Brusela nayo ina mchanganyiko wake wa miezi kadhaa na mara nyingi kisu. Wakati huohuo jentamaisini aliyochomwa mtu bila sababu inaweza kumharibu figo na masikio. Usipomjua adui kwa jina unaweza kumtibu mtu kwa uaminifu wote, kwa dawa isiyo yake.

Na kumjua kwa jina hakuhitaji kumuotesha. Mililita 5 za damu zinatosha kutafuta kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kimelea. Vigezo vya Duke, vinavyotumiwa na madaktari duniani kote kuthibitisha endokadaitisi tangu 1994, vinakubali kingamwili za IgG za awamu ya kwanza dhidi ya Coxiella zinazozidi 1:800 (yaani zinaonekana hata seramu ikizimuliwa zaidi ya mara 800) kuwa kigezo kikuu, sawa na kuotesha damu. Marekebisho ya 2023 yameongeza kingamwili za Bartonella na vipimo vya vinasaba. Wakubwa wa taaluma wamekwisha kukubaliana. Kilichobaki ni sampuli ya mgonjwa wa mkoani kupata gari.

Gari lenyewe lipo, Mheshimiwa. Damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI na makohozi ya kifua kikuu husafirishwa kutoka vituo vidogo hadi vikubwa kila siku za kazi. Naomba seramu ya mgonjwa wa valvu ambaye damu yake haikuota ipande gari hilohilo, iende maabara moja ya taifa itakayopangiwa kazi ya Coxiella, Bartonella na Brucella. Moja inatosha. Sihitaji kila mkoa uwe na yake. Wagonjwa hawa si wengi kiasi hicho, na kipimo kinachofanywa mara mbili kwa mwaka hufanywa vibaya.

Kwa brusela hata kujenga si lazima. Wakala wa Maabara ya Veterinari una watu wanaopima ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe na mbuzi, na kipimo cha awali cha Rose Bengal hutumika kwa binadamu pia. Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati la Afya Moja kwa ajili ya magonjwa ya aina hii hasa, ya wanyama na watu kwa pamoja. Huwa nasikia habari zake kukiwa na kimeta au kichaa cha mbwa. Valvu ya moyo wa mfugaji nayo iwe ajenda yake, na daktari wa mifugo wa wilaya apigiwe simu pale mgonjwa anapotaja mbuzi waliotupa mimba. Huenda kuna majirani kumi wanaovuta vumbi lilelile.

Kuna jambo la chumba cha upasuaji pia. Valvu ikiondolewa kwa mgonjwa aliyeshukiwa maambukizi, ikatwe: kipande kimoja kwenye formalini kwa ajili ya patholojia, kingine kwenye chombo kisafi kisicho na formalini kwa ajili ya kuotesha na vinasaba. Kikitumbukizwa chote kwenye formalini, kuotesha kumekwisha, na vinasaba navyo huharibika. Wapasuaji wengi wanalijua hili vizuri. Liandikwe kwenye mwongozo ili hata yule wa zamu ya usiku alijue.

Nimeshasikia hoja ya fedha, na siipuuzi. Lakini chupa za kuotesha damu si anasa: Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu mwaka 2018, kuotesha damu kulikuwamo. Serikali yetu imekuwa na mpango wa kupambana na usugu wa dawa tangu 2017, na usugu huwezi kuupiga vita huku chupa zimekauka kwenye rafu na seftriaksoni imejaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatupa nafasi: kitita cha bima kilipie seti zote tatu kwa mgonjwa wa valvu mwenye homa, siyo moja halafu mbili zikawa mzigo wa familia. Hospitali nyingine, zenye hesabu kali, zimeanza kumuuliza daktari "kwa nini tatu?" kana kwamba ameagiza soda.

Wewe na Mganga Mkuu mnaweza kuanza na kitu kisichohitaji bajeti: waraka wa ukurasa mmoja kwa hospitali zote. Useme mgonjwa yeyote mwenye homa ambaye ana valvu mbovu, ana valvu ya bandia, au daktari anasikia moyo wake ukipiga mlio usio wa kawaida, avutwe damu kabla ya antibayotiki. Useme pia fomu ya maabara iongezewe mistari miwili. Mmoja: antibayotiki alizotumia na tarehe, pamoja na za duka la dawa. Wa pili: anafuga, anachinja au anakunywa maziwa mabichi? Mstari wa pili utamsaidia daktari kujua apime nini baada ya chupa kubaki tupu. Mimi utanisaidia kujua ni sahani ipi nisiifungue nje ya kabati la usalama.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara,
Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Kaskazini